Mwaka Niliomchora Mama Jeptoo

Jeptoo alinipigia simu Jumatatu asubuhi nikiwa bado sijanywa chai. "Auntie Nafula," akasema, "mama ametuacha." Nikasema pole, nikaketi. Nilijua mgonjwa amelazwa, na kwa miaka mingi tulikuwa tumemzoea akiwa mgonjwa, lakini habari ya kifo haizoeleki. Jeptoo ni mwalimu wa shule ya msingi, anakaa Kapsoya, mtu wa kupanga mambo yake, na hata siku ile sauti yake ilikuwa imepangika. Akaniambia mazishi ni Ijumaa, nyumbani kwao Kesses. Kisha akafikia jambo nililokuwa nikiliogopa kwa miaka kumi na mmoja. "Zile picha ulimchora. Tunataka moja tu ya sura, tuweke mbele ya jeneza. Unajua zetu zote za simu ni za baada ya stroke." Nilijua. Kiharusi kilimvuta Mama Jeptoo mdomo na jicho la kushoto, na picha zake za kabla ya hapo ziliungua pamoja na nyumba, siku moto wa jikoni uliposhika nyasi za paa. Iliyobaki ni ya kitambulisho. "Njoo Jumatano," nikamwambia. Nilikata simu nikabaki nimeiangalia chai mpaka ikapoa.

Sikuwa na ya kumpa. Niliwahi kuwa nazo, zaidi ya thelathini, na nilizifuta moja baada ya nyingine kwa mkono wangu huu, nikidhani naziweka. Kueleza jinsi mtu mzima anavyoweza kufanya ujinga wa namna hiyo ni lazima nirudi kwenye mwaka ule, na nairudia safari hiyo bila hamu.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa. Nilifundishwa kuchora kwa njia ya zamani, kwenye karakana ya kanisa, na mwalimu mkali aliyetushikisha mkaa mwaka mzima kabla ya kutushikisha rangi. Tulikuwa wanafunzi tisa, na kila mmoja alipewa ubao mmoja wa hadibodi kwa muhula. Ukimaliza picha na mwalimu akaisahihisha, unaupaka ubao rangi nyeupe, unauanika juani, unaanza nyingine juu yake. Hakuna aliyelilia picha yake. Tulijua iko palepale chini. Siku moja mwenzetu alikwangua ubao wake kwa kisu, na ndizi alizochora mwezi uliotangulia zikatokea zikiwa njano vilevile. Hivyo ndivyo nilivyofanya kazi karibu miaka ishirini, nikichora mabango ya vinyozi, watakatifu wa makanisani, na wazee waliokufa ambao familia ziliniletea picha zao za vitambulisho. Halafu mashine za kuchapisha mabango zikaingia mjini, na sisi wa brashi tukabaki kuangaliana. Nilikuwa nimepanga mtaa wa West Indies, hapo hapo mjini, chumba na jiko, na nilikuwa nimechoka. Kukosa kazi kunachosha kuliko kazi.

Mchapishaji mmoja wa vitabu vya shule aliniambia wazi kwamba michoro yangu ni mizuri ila hapokei ya karatasi tena. Nikitaka kazi, niilete ikiwa imechorwa kwa kompyuta. Ndipo nikaelekezwa kwa Chebet. Alikuwa mwanafunzi wa chuo, miaka ishirini na mbili, amepanga Kesses kwenye nyumba ndefu ya mabati yenye milango kumi inayofanana, na alichora vikatuni kwenye kompyuta kwa wepesi ulionitia wivu. Watu aliowachora wote walikuwa wametia mikono mfukoni. Nikamwuliza kwa nini. "Auntie, mikono imenishinda," akasema bila haya. "Nikiiweka kwa mfuko, hakuna mtu anauliza." Tukapatana hapo hapo: yeye anifundishe kompyuta, mimi nimfundishe mikono. Alinipa kibao chake cha zamani cha kuchorea, kitu cheusi kilicho bapa na kalamu isiyo na wino, nikakiunganisha na kompyuta kuukuu niliyokuwa nimeipata kwa taabu. Kuanzia hapo kila Jumamosi asubuhi nilikuwa Kesses.

Sharti langu lilikuwa moja, kwamba tuchore mtu aliye mbele yetu, anayepumua na kujikuna. Chebet alitaka tutumie picha za mtandaoni, nikakataa. Mtu wa picha ameshatulizwa na mwingine; huna la kutafuta. Basi akawaita marafiki zake. Wa kwanza aliangalia simu muda wote, wa pili alilala akakoroma, wa tatu alitaka kujiona kila baada ya dakika moja. Wa nne hakuitwa. Alikuwa mama wa miaka sitini na kitu aliyekuwa na shamba nyuma ya zile nyumba na kuwauzia wanafunzi maziwa. Alikuja na jerikeni yake, akaambiwa asubiri Chebet aoshe sufuria, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, na akatulia. Sijawahi kuona mtu anatulia vile. Nilikuwa nimeshaanza kumchora kabla ya kumwomba ruhusa. Chebet, kwa utundu wake, akamwambia Ulaya watu huchorwa wakiwa uchi. "Huko ni huko," akajibu Mama Jeptoo. "Mimi nitakaa na leso yangu. Na sweta."

Nilidhani mkono unaojua kuchora unajua kuchora popote. Kwa mkaa, unamtazama mtu, unatazama karatasi, na mkono uko hapo unauona. Kwa kile kibao, mkono uko mezani na mstari unatokea kwingine, kwenye kioo, na ukiuangalia mkono, umepotea. Mistari yangu ilitetemeka kama ya mtoto wa nasari. Nilibonyeza kwa nguvu nikitafuta weusi mpaka Chebet akanishika kiganja: "Auntie, pole pole, utatoboa." Nilijifunza kuikuza picha, na Jumamosi nzima nikalifanyia kazi jicho moja, kope kwa kope, nikiona nimefika. Chebet alipoirudisha picha kwenye ukubwa wake, jicho lilikuwa limekula nusu ya uso. Mama Jeptoo akainuka kuja kutazama. Akaliangalia kwa makini. "Hilo ni la ng'ombe wangu," akasema. "Lakini hata yeye ako nayo mawili." Tukacheka wote watatu. Njiani kurudi mjini nililia, kwa sababu nilikuwa nimekuwa mzuri katika jambo moja tu maishani na sasa nilikuwa mbaya katika hilo hilo.

Hata hivyo nilirudi, na mvua za Aprili zilipokwisha mkono ukaanza kusikia. Nilianza kuiona sura ile. Paji lake lilikuwa pana, na mkunjo mmoja tu kati ya nyusi, wa upande, kama mtu anayekumbuka deni la mwenzake na ameamua kunyamaza. Akicheka, upande wa kushoto wa mdomo ulitangulia na ule mwingine ukafuata baadaye, ukisitasita. Huo ndio uliokuwa mtihani wangu: kuupata mdomo kabla haujakamilika. Chebet naye alikuwa chini ya dirisha akichora mikono ya mama yule, vidole vilivyovimba kwenye viungo, na kila juma aliniletea mkono mmoja nimsahihishie. Kufikia Agosti vikatuni vyake vilikuwa vimetoa mikono mfukoni.

Sasa nifike kwenye kosa. Mwanzoni kabisa Chebet alinieleza kwamba kwenye kompyuta picha hujengwa kwa leya, moja juu ya nyingine. "Unaweza kuchora juu, na ile ya chini haitaguswa," akasema. "Iko tu hapo." Nilifurahi sana kusikia hivyo. Nilikuwa nimepata kitu kimoja katika mashine ile ninachokijua tangu ujana. Akaniambia pia nifungue faili mpya kila mara, lakini hilo niliona ni ubadhirifu wa watoto wa siku hizi. Ubao upo, kwa nini utafute mwingine? Nilikuwa na faili moja, niliyoiita Mama Jeptoo. Kila Jumamosi niliifungua, nikachukua kile kindoo cha rangi kilicho pembeni, nikaimwagia nyeupe, nikachora upya juu yake, nikahifadhi. Chebet aliona picha ya siku hiyo, akaisifu au akaicheka, na hakuwa na sababu ya kuuliza za nyuma ziko wapi. Mimi nilikwenda nyumbani nikiwa na amani, nikijua ubao wangu unanenepa.

Saa sita tulikuwa tunakula. Chebet alipika chapati na ndengu kwenye meko yake, na chumba kikajaa mvuke hadi kioo cha kompyuta kikawa na ukungu. Mama Jeptoo alileta mursik, maziwa yake ya kugandisha kwenye kibuyu, na mahindi ya kuchemsha. Ukuta wa katikati ulikuwa wa mbao nyembamba, na chumba cha pili walikaa wavulana wawili waliobishana kila Jumamosi juu ya zamu ya kuosha vyombo. "Mimi niliosha Jumanne!" "Uliosha kikombe!" Mama Jeptoo aliwasikiliza hadi mwisho kama anayesikiliza kesi ya ukoo, kisha akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole: "Nyinyi! Nitakuja kuosha mimi?" Mara tukasikia vyombo vikioshwa. Alikuwa mcheshi, na alipenda kuchorwa kuliko alivyokubali. Siku moja, akiwa anapukuchua hindi kwa kidole gumba, alisema bila kuniangalia, "Moto ulichukua picha zangu zote. Hata ya arusi. Wajukuu watafikiri nilizaliwa nikiwa mzee." Nikamwambia asijali. "Hizi ni zako, Mama. Nitakuwekea zote." Akauliza, "Zote?" Nikamwambia zote, na kuanzia siku hiyo akawa anazihesabu.

Mwishoni mwa Novemba nilimwomba ageuke. Chebet alikuwa anachora migongo iliyonyooka kama mlango, na nilitaka aone jinsi mgongo unavyobeba uzito upande mmoja. "Mgongo uko na nini?" Mama Jeptoo akauliza. "Umebeba watoto saba na kuni." Lakini akageuka, akakitazama kitanda cha Chebet kwa saa moja na nusu, leso imeteleza kidogo begani, kichwa kimeinama kwa sababu alikuwa amechoka siku hiyo. Ilikuwa kazi yangu bora ya mwaka mzima. Sikubonyeza kurudisha mstari hata mara moja. Aliposimama kujinyoosha alisema, "Hii ni ya thelathini na nane," akachukua jerikeni yake akaenda kukamua.

Juma lililofuata mchapishaji aliomba sampuli tano za watu. Nikaenda kwa Chebet siku isiyo yetu, nikamwambia anitolee zile za chini. "Za chini gani, Auntie?" Nikamweleza, kwa fahari, habari ya ubao. Nilimwona akiacha kutabasamu katikati ya maelezo. Alifungua kidirisha kinachoonyesha leya, na humo kulikuwa na moja tu. Akaizima ili anionyeshe. Mgongo wa Mama Jeptoo ukatoweka, na nyuma yake kukawa na mirabaraba midogo ya kijivu na nyeupe, ambayo ndiyo namna programu ile inavyoonyesha utupu. Nikamwambia akwangue zaidi. Ndilo neno nililotumia, akwangue. "Hakuna kitu chini, Auntie," akasema, na sauti yake ilikuwa ya upole ambao uliniudhi. "Kila ukimwaga ile nyeupe ulikuwa unafuta." Nilimwapisha kwamba hatamwambia mtu. Aliapa, masikini, na akaanza kulia kabla yangu.

Jumamosi ya juma hilo hilo Mama Jeptoo aliniuliza kama anaweza kuziona zote kwa mpigo. Nikasema stima imepotea, na kweli ilikuwa imepotea, nikaishukuru. "Lakini ziko?" akauliza. "Ziko, Mama." Nilijiambia nitamwita tena baada ya Krismasi, akae, nimchore upya sura hata mara kumi, na asijue tofauti. Niliamini kabisa. Januari nikapata ile kazi ya vitabu, na kazi ikaja kwa fujo, kurasa juu ya kurasa, na nilikuwa nimeisubiri sana hata sikuthubutu kusema nipumzike Jumamosi moja. Nikasema Pasaka. Pasaka ikapita nikasema Agosti. Mwezi wa tisa Jeptoo akanipigia kwamba mama ameanguka zizini. Nilipokwenda kumwona alikuwa ameketi kitandani na upande wa kushoto wa mdomo umeshuka, ule ule uliokuwa ukitangulia kucheka. Alinishika mkono, na neno la kwanza nililoweza kulielewa lilikuwa ni "Ziko?" Nikamjibu ziko. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliendelea mpaka Jumatatu ile ya simu, na kila nilipomtembelea nilijibu swali hilo hilo kwa sauti ile ile, hadi nikaacha kumtembelea mara nyingi.

Baada ya simu ya Jeptoo nilitoa mkaa na karatasi, nikajaribu kumchora kutoka kichwani. Nilichora mchana kutwa. Kila nilipomaliza, aliyeniangalia kutoka kwenye karatasi alikuwa yule nyanya wa vitabu vya shule, mwenye kitambaa kichwani na tabasamu lililonyooka, ambaye nimemchora kwa kompyuta mara nyingi kiasi kwamba naweza kumchora nikisinzia. Nadhani mwanzoni nilimtoa kwenye sura ya Mama Jeptoo. Sasa alikuwa amemla. Jumanne jioni niliichagua iliyokuwa afadhali, nikaiweka mezani, na nikafikiri kwa dhati kabisa kuitoa. Jeptoo angeweza kuipokea. Huzuni huona inachotaka. Asubuhi nikaichana, na hilo ndilo jambo pekee katika habari hii ninaloweza kulisimulia bila kuinamisha uso.

Alikuja saa nne akiwa na bahasha ya makaratasi. Nikampa chai. "Programme ya mazishi iko kwa printer tayari," akasema. "Imebaki picha tu." Nikamwambia. Nilimwambia yote, karakana, ubao, kile kindoo cha rangi nyeupe, uongo wa kwanza na ule wa miaka iliyofuata, na nikampa karatasi niliyokuwa nimechapishia ule mgongo. Aliishika kwa mikono miwili. "Huu ni mgongo," akasema.

"Ndiyo."

"Na sura?"

"Hakuna, Jeptoo. Nilizifuta bila kujua."

"Na yeye ulikuwa unamwambia aje?"

"Kwamba ziko."

Nilitaka anitukane, ningepumzika. Aliirudisha ile karatasi mezani kwa uangalifu, akamalizia chai yake kwa sababu amelelewa vizuri, akaniambia, "Sawa, Auntie. Tutaonana Ijumaa." Nilimsindikiza hadi getini.

Ijumaa kulikuwa na jua kali na hema mbili. Mbele ya jeneza waliweka ile picha ya kitambulisho, imekuzwa mpaka ikawa madoadoa, ukisimama karibu huwezi kusema ni mwanamke au mwanamume. Niliketi nyuma, karibu na wapishi. Jeptoo ndiye aliyesoma wasifu wa marehemu. Alisoma kuzaliwa, ndoa, watoto, ng'ombe aliowapenda kwa majina, kiharusi. Kila mtu alikuwa na karatasi yake ya programme mkononi akifuata, nami nikageuza ukurasa mapema nikaona kinachokuja, na nikaanza kuomba airuke. Alikuwa na uwezo wa kuiruka. Alifika hapo akatua, akainua macho akanitafuta nyuma kabisa hadi akanipata, kisha akasoma kama ilivyoandikwa, bila kukosa neno. "Alipougua, mama aliwaambia wageni wote waliokuja kumwona: hii sura mnaona si yangu. Yangu iko kwa Nafula, ameniwekea. Na hilo lilimpa amani hadi siku yake ya mwisho."

Mchungaji akachukua kipaza sauti. "Huyo Nafula yuko hapa? Mama, simama watu wakuone."

Nikasimama. Watu wakanipigia makofi, na Jeptoo akapiga pia.